Ile Programu ya Koni

Tarehe 14 Februari 2015, wakati wengine walikuwa wanatafuta maua ya kununua, sisi Kinoo tulikuwa tunatafuta Citizen. Stima ilikuwepo. TV ilikuwa inawaka. Lakini ukibonyeza Citizen, hakuna kitu. NTV, hakuna. KTN na QTV, chenga tupu. Mvutano wa serikali na kampuni za habari kuhusu kuhama kutoka analogi kwenda dijitali ulikuwa umefika pabaya, na mitambo ikazimwa. Stesheni hizo nne zilikaa nje karibu wiki tatu, mpaka mwanzo wa Machi.

Nilikuwa kidato cha pili, shule ya kutwa, na kila jioni nilikuwa nasaidia katika duka la muvi karibu na steji. Nasema "nasaidia" kwa sababu mshahara haukuwepo. Nilikuwa nalipwa kwa muvi, chapo madondo, na ruhusa ya kugusa kompyuta. Wiki hizo tatu duka lilijaa kama mat ya jioni. Walikuja mama mboga, mafundi wa mjengo, na mwalimu wa shule ya Jumapili ambaye kabla ya hapo alikuwa anapita mbio kana kwamba tunauza chang'aa. Kila mtu na flashi yake. Muvi moja ilikuwa mbao, DVD ilikuwa finje, na ya DJ Afro haikukaa kwenye rafu hata nusu saa.

Kompyuta yetu ilikuwa ile ya eks-UK, Pentium 4, nzito kama jiwe la kusagia. Lakini kila mteja alijua kitu kimoja kilichokuwa ndani yake. Hakuna aliyekiita kwa jina. Walisema tu, "Kijana, hebu weka kwa ile ya koni nione kama inacheza."

Ile ya koni ni VLC. Nataka kuipima hapa vile mtu hupima mahindi sokoni, uzito wake na wadudu wake, pamoja na ndugu zake wengine wanaocheza video na muziki bila kukutoza hata shilingi. Na nina sababu yangu ya kupima. Kuna VCD moja ya shosho wangu, imefungwa kwenye karatasi ya nailoni ndani ya kabati, na kila nikiiona najua kwamba programu hii ilinipa kitu kikubwa sana, halafu nikakizembea.

*

Tuanze kabla ya koni.

Mtoto aliyekulia kando ya Waiyaki Way miaka ya 2000 alizijua video kupitia VCD. VCD ni CD ya kawaida tu iliyobebeshwa picha: dakika 74 hivi, ubora wa kanda ya VHS, imepakiwa kwa mtindo uitwao MPEG-1. Ndiyo maana muvi moja ilikuwa inakuja kwa diski mbili, na wakati mwizi yuko karibu kushikwa unaamka kubadilisha diski. Huko River Road ilizaliwa biashara nzima juu ya hiyo diski, tukaiita Riverwood. Vichekesho vya Kikuyu vya Machang'i na Kihenjo vilifika Kinoo hivyo, kwa mkoba wa mchuuzi. Havikupitia sinema wala stesheni yoyote. Hata harusi na ruracio zetu zilirekodiwa hivyo. Mpiga video alikuja na kamera begani, na baada ya mwezi mmoja familia ikapewa VCD yenye picha ya bibi arusi kwenye jalada na maua ya kompyuta yakimwangukia.

Kwenye kompyuta mambo yalikuwa tofauti. Kwa muziki kulikuwa na Winamp, iliyotolewa mwaka 1997 na kijana wa Marekani, Justin Frankel. Ilikuwa nyepesi, ilikuwa na ngozi za kubadilisha, na kila saiba ilikuwa nayo. Kulikuwa na RealPlayer, iliyokuwa inakuomba ulipe, ujiandikishe, usasishe, mpaka unasahau ulitaka kusikiza nini. Na kulikuwa na Windows Media Player, ambayo hukuichagua. Uliikuta tu ndani ya Windows, kama mpangaji anayekuja na nyumba. Tume ya Ulaya iliona hilo kuwa kosa kubwa kiasi kwamba mwezi wa Machi 2004 iliitoza Microsoft faini ya euro milioni 497, na kubandika programu hiyo ndani ya Windows kulikuwa moja ya mashtaka.

Lakini kwa mtu wa Kinoo tatizo halikuwa sheria ya ushindani. Tatizo lilikuwa kodeki.

Nitaeleza vile nilivyoelezwa dukani. Faili ya video ni gunia. AVI ni gunia, MP4 ni gunia, MKV ni gunia. Ndani ya gunia kuna picha na sauti, na kila moja imefinywa kwa njia yake ili itoshee. Njia hiyo ya kufinya na kufinyua ndiyo kodeki. Unaweza kulijua gunia kwa sura na bado usijue kufungua kilicho ndani. Kwa hivyo mteja analeta AVI mbili zinazofanana kwa nje. Moja inacheza, nyingine inatoa sauti bila picha, kama redio. Windows Media Player ingekwambia haiwezi, basi. Ungeenda kutafuta furushi la kodeki kwenye intaneti, na intaneti ilikuwa ya kulipia kwa dakika saiba. Mikongo ya baharini, SEACOM na TEAMS, ilifika Mombasa mwaka 2009. Kabla ya hapo tulikuwa tunategemea setilaiti, na kushusha megabaiti kumi ilikuwa safari.

Mbaya zaidi, matapeli waliijua njaa hiyo. Kulikuwa na faili za WMV ambazo ukizifungua zinakwambia: kodeki inakosekana, bonyeza hapa. Ukibonyeza, umekaribisha virusi. Bosi wetu wa duka alipoteza kompyuta moja hivyo kabla sijafika. Alikuwa anaisimulia kama mtu anayesimulia msiba.

*

Sasa koni.

Mwaka 1996, katika chuo cha uhandisi cha École Centrale Paris, wanafunzi waliokuwa wanaishi bweni nje kidogo ya jiji walichoshwa na mtandao wao wa chuo. Ulikuwa wa kizamani na haukufaa kwa michezo ya kompyuta. Chuo hakingewanunulia mtandao mpya ili wacheze. Walihitaji kisingizio, na kisingizio kikapatikana: kwa nini kila mwanafunzi awe na antena yake ya setilaiti, wakati picha inaweza kupokelewa mahali pamoja na kusambazwa kwa kompyuta zote kupitia mtandao? Mradi ukaitwa VideoLAN. Upande mmoja ulikuwa wa kutuma picha, upande mwingine wa kuipokea. Yule mpokeaji akaitwa VideoLAN Client. VLC.

Kwa ufupi, wanafunzi walidanganya kidogo ili wapate intaneti ya kasi, na kutoka kwa uongo huo mdogo ikatoka programu ambayo mwanzoni mwa 2025 wenyewe walitangaza imepakuliwa zaidi ya mara bilioni 6. Na ile koni? Wanafunzi wa bweni hilo walikuwa na tabia ya kurudi usiku na koni za barabarani. Nani hajawahi kuona koni ya barabarani ndani ya hosteli?

Tarehe 1 Februari 2001 ndiyo siku ya maana zaidi katika hadithi hii. Siku hiyo chuo kilikubali msimbo wa programu utolewe chini ya leseni ya GPL. Tangu hapo mtu yeyote aliruhusiwa kuusoma, kuubadilisha na kuugawa, mradi naye aache mlango wazi kwa wanaomfuata.

Hapa Kiswahili kinatusaidia, kwa sababu kina maneno mawili ambapo watu wengine wanalazimika kutumia moja. Kuna bure na kuna huru. Winamp ilikuwa bure, lakini ilikuwa na mwenyewe. Kampuni ya AOL iliinunua mwaka 1999, na Novemba 2013 ikatangaza kwamba itaifunga mwezi uliofuata. Mnunuzi mwingine alitokea mwanzoni mwa 2014, ndipo jina likapona. Watumiaji walikuwa wanangoja tu wasikie mwenye mali ameamua nini. VLC ni bure na pia ni huru. Hata wote walioianzisha wakichoka kesho, msimbo uko nje na mwingine anaweza kuuchukua. Tangu 2009 inasimamiwa na shirika lisilo la faida, na Jean-Baptiste Kempf, aliyekuwa anaongoza, amesema hadharani kwamba aliwahi kukataa makumi ya mamilioni ya euro za kuweka matangazo ndani yake.

*

Uzito wake, basi. Nitaanza na mazuri.

La kwanza, inakuja na kodeki zake tumboni. Haikutumi kwenda kutafuta. Sehemu ya sababu ni Ufaransa yenyewe: huko sheria haitambui hataza za programu kama Marekani inavyozitambua, kwa hivyo wasanifu waliweza kuweka ndani mbinu za kufinyua ambazo kwingine zingelipiwa. Ukitaka kujua thamani ya hilo, kumbuka MX Player. Ilikuwa mfalme wa simu zetu za Android: bure, safi, unateleza kidole kuongeza mwanga. Halafu siku moja unafungua muvi, picha iko, lakini kuna maandishi madogo yanayosema sauti ya AC3 haitambuliki. Haikuwa imeharibika. Iliondolewa kwa sababu ya leseni. Programu iliyokuwa na uwezo jana, leo haina, na wewe hukuulizwa. Mwaka 2018 ikanunuliwa na kampuni kubwa ya habari ya India, na matangazo yakafuata. Hiyo ndiyo bure bila huru.

La pili, haibagui. Waliogawa dunia kwa maeneo ya DVD walituweka sisi eneo la 5. Diski halali ambayo shangazi ametuma kutoka Marekani, eneo la 1, deki ya sebuleni ingeikataa kama askari geti anayekuuliza unaenda kwa nani. VLC mara nyingi iliifungua tu. Vilevile faili iliyokatika katikati ya kupakuliwa, AVI isiyo na faharasa, video ya simu ya mchina yenye jina lisiloeleweka: VLC inajaribu kwanza, inalalamika baadaye. Nadhani hii inatokana na asili yake. Ilizaliwa ili ipokee picha zinazopita kwenye mtandao, ambapo vipande hupotea njiani, kwa hivyo ilifundishwa mapema kuishi na kisichokamilika. Mtu wa mtaa anaielewa programu ya aina hiyo.

La tatu, haikuombi chochote. Haitaki akaunti, nambari ya simu, wala barua pepe. Ilicheza kwenye Pentium 4 yetu bila intaneti kabisa. Januari 2018, serikali ilipozima tena stesheni za TV kwa sababu ya kile kiapo cha Uhuru Park, nilikuwa nimemaliza shule na bado nilikuwa nashinda dukani. Wateja wa 2015 wakarudi wote. Kila serikali ilipozima, koni iliwaka. Sikuwa na lugha ya kisiasa wakati huo, lakini nilielewa kwamba kitu kisichohitaji ruhusa ya mtu kina nguvu fulani.

Sasa wadudu, na wapo.

Sura yake kwanza. Tuseme ukweli, VLC ya kompyuta inakaa kama fomu ya serikali. Ukifungua sehemu ya mipangilio na kuchagua uone yote, unapotea kama mgeni Gikomba. Uwezo mkubwa umefichwa humo, na wengi tumeitumia miaka kumi bila kujua kwamba inaweza kubadilisha faili kutoka aina moja hadi nyingine, au kusogeza manukuu yanayochelewa kwa kubonyeza herufi moja.

Pili, sauti. Kwa miaka mingi iliruhusu upandishe mpaka asilimia 200. Spika za laptopu hazikutengenezwa kwa asilimia 200. Nimeua jozi mbili. Programu inayokuamini kupita kiasi inaweza kukuharibia mali.

Tatu, uzito wa kazi. Faili ndogo za HEVC zilipoanza kuenea, nusu ya ukubwa wa zamani na picha ileile, wateja walifurahi kwa sababu flashi ilibeba mara mbili. Kompyuta yetu ililia. Picha iliganda, sauti ikaendelea, mwigizaji akawa anaongea bila mdomo. Toleo la 3.0 la Februari 2018 lilirekebisha mengi kwa kuiachia kadi ya picha kazi ya kufinyua, lakini hilo linamsaidia mwenye kadi. Huru haikununulii mashine mpya.

Nne, usalama. Umaarufu una wanyemelezi. Kuna tovuti bandia zinazogawa VLC iliyopakwa uchafu. Mwaka 2017, nyaraka za CIA zilizovujishwa na WikiLeaks zilionyesha kwamba nakala ya VLC ilikuwa miongoni mwa vinyago walivyotayarishiwa majasusi: muvi inacheza juu, faili zinaibwa chini. Mwaka 2022, watafiti wa Symantec walieleza jinsi kundi la wadukuzi lilivyotumia VLC halali kupakia faili lao chafu. Kosa halikuwa la VLC katika hizo mbili, lakini somo liko: dukani kwetu toleo halikusasishwa tangu lilipowekwa. "Inacheza, si ndiyo?" Bosi alikuwa anasema. "Kitu kinachocheza hakiguswi."

Tano, na hili ndilo watu wa huru hawapendi kulitaja, uhuru wenyewe una gharama. Januari 2011 Apple iliiondoa VLC kwenye duka lake la programu, baada ya mmoja wa wasanifu wa VLC kulalamika kwamba masharti ya duka hilo yanagongana na GPL. Yaani leseni iliyomlinda mtumiaji ndiyo iliyomnyima programu. Ilirudi mwaka 2013, baada ya kazi ya kuwatafuta walioandika msimbo mmoja mmoja na kuwaomba wakubali leseni nyingine. Na usome leseni yoyote ya aina hii mpaka mwisho: programu inatolewa bila dhamana. Ikikuharibikia, hakuna wa kupigia simu. Hakuna anayekudai, na hakuna unayeweza kumdai.

Nikijumlisha hayo matano, bado mizani inaangukia upande wa koni. Ningeishia hapa kama si ile VCD.

*

Guka wangu aliaga mwaka 2005. Nimepewa jina lake, ndiyo maana shosho huniita "mume wangu" mbele ya watu, na marafiki zangu wanacheka mpaka wanakaa chini. Mwaka 2003 kulikuwa na ruracio ya shangazi, na guka alisimama akaongea. Hiyo ndiyo rekodi pekee ya sauti yake. Hakuna nyingine. Picha zipo tatu. Sauti ni moja, ndani ya VCD moja.

Deki ya shosho ilikufa zamani. Katika zile wiki tatu za 2015, akiwa amechoka kutazama chenga, alinipa diski ikiwa imefungwa kwa kitambaa. "Mume wangu, huko kwenu mnacheza kila kitu. Hebu mwambie huyo mzee mwenzako aongee."

Diski ilikuwa na mikwaruzo kama imepita kwenye changarawe. Windows Media Player iliitazama, ikafikiria, ikakataa. Nikafungua ile ya koni. Nikabonyeza diski. Kompyuta ilinguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena. Kisha vikatokea vipande vya rangi, kama kanga iliyochanika, halafu nyuso. Halafu sauti.

Nilimwendea shosho, nikamleta mpaka dukani. Bosi alifukuza wateja kwenye benchi. Shosho alikaa, akashika fimbo yake kwa mikono miwili, na guka akaongea kwa dakika kama kumi na moja, akikatika hapa na pale. Aliwaambia wageni kwamba mtoto wa mtu hanunuliwi. Akatania kuhusu mbuzi. Mama mboga aliyekuja na flashi alisimama mlangoni na hakusema kitu. Ilipoisha, shosho aliuliza tu, "Kwa hivyo yuko?"

"Yuko, shosho."

Hilo ndilo jibu ninalolijutia.

Kwa sababu nilikuwa nimeona VLC ikifungua, niliamini kwamba guka yuko salama. Kitu kinachofunguka kimehifadhiwa, si ndiyo? Nilinakili ile faili ya DAT kwenye diski kuu ya duka, katika folda yenye jina langu, katikati ya muvi za DJ Afro. Nikarudisha VCD kwa nailoni. Sikufanya nakala ya pili. Muvi ni mbao, nafasi ni pesa, na flashi yangu ilikuwa imejaa msimu wa tamthilia ambayo leo siikumbuki hata jina.

Mwaka 2019 nilikuwa chuoni, mwaka wa pili, nikisomea mambo ya kompyuta, muhula wa mwisho kabla karo inishinde nirudi nyumbani. Stima ilipotea Kinoo, ikarudi kwa nguvu, ikapotea tena. Diski kuu ya duka ikaanza kutoa ule mlio ambao fundi yeyote anaujua, tik, tik, tik. Bosi alipoteza muvi zake zote, pamoja na vichekesho vya Riverwood alivyokuwa amevikusanya tangu enzi za VCD, vingine vikiwa havipatikani tena hata River Road. Nilikimbilia kabati la shosho. VCD ilikuwa imeanza kumenyuka, ule utando wa fedha unatoka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Nilijaribu kompyuta nne. Nilijaribu ile ya koni katika zote nne. Ilijaribu pia, ikanguruma, ikanyamaza.

*

Nimefikiria jambo hili kwa miaka, na hiki ndicho ninachoweza kusema kuhusu programu za bure za kucheza video, nikiwa mtu aliyesomea upande wa kibanda kuliko upande wa darasa.

Zilishinda vita vya kufungua. Sisi tuliokuwa tunapokea mabaki ya dunia, diski za eneo lisilo letu, faili zilizokatika, kompyuta za eks-UK, zilitupa haki ya kuona bila kuomba. Hiyo si haki ndogo, na nitaitetea mbele ya yeyote anayeuza usajili wa kila mwezi.

Lakini zilivyokuwa hodari wa kufungua, zilituzoesha kusahau kazi ya kuweka. Zamani, faili ikikataa kucheza, ulijua kuna hatari. Ulitafuta mtu, ulibadilisha aina, ulifanya nakala. VLC ikaondoa ile hofu. Kila kitu kilicheza, hata kilichokuwa kinakufa, na kilipokuwa kinakufa kilicheza vizuri vya kutosha kukudanganya. Wala si kosa la programu. Yenyewe ni dirisha tu, na dirisha halijengi ghala. Kosa ni letu tuliodhani kwamba kwa sababu dirisha ni la bure, ghala nalo litajijenga bure.

Riverwood karibu yote iliishi hivyo: diski kwa diski, flashi kwa flashi, diski kuu moja ya kibanda mpaka nyingine. Tulikuwa na wachezaji bora wa video duniani, bila gharama, na hatukuwa na rafu. Sasa ukimwambia kijana wa miaka kumi na tano kuhusu Kihenjo, anatafuta YouTube, na kama mtu hakupakia, basi hakuwepo.

Kazi ya kupanua barabara ilipofika Kinoo, koni zilijaa kando ya Waiyaki Way, mstari mzima kuelekea Muthiga. Duka lilihama ndani, kisha likafungwa. Simu na bando zilikuwa zimeshalimaliza hata kabla ya tingatinga. Watoto walikuwa wanapita wakizigusa zile koni wakisema, "VLC, VLC, VLC." Nilicheka. Halafu nikafikiria kwamba koni ya barabarani haisemi tu kwamba hapa pana njia. Inasema hapa pana kazi haijaisha.

Kuna kitu kimoja kilibaki. Ile jioni ya 2015, wakati shosho amekaa kwenye benchi, nilitoa kabambe yangu nikarekodi kioo cha kompyuta kwa sekunde 48, kwa sababu nilitaka kumwonyesha mathe sura ya shosho. Ni faili ya 3GP, picha ndogo kama stempu, sauti ya kukwaruza. Ni pale kwenye utani wa mbuzi. Simu yangu ya sasa inaikataa kwenye kicheza chake cha kawaida. Ile ya koni inaifungua.

Mara hii niko na nakala tano: kwenye flashi mbili, kwenye laptopu, kwa simu ya mathe, na moja huko juu kwenye hifadhi ya mtandaoni ambayo nalipia kila mwezi, ingawa bado inaniuma kulipa. Jumapili iliyopita nilimpelekea shosho. Masikio yake yamechoka, kwa hivyo nilipandisha sauti mpaka mwisho, asilimia zote ambazo programu iliniruhusu, na spika ikaanza kutetemeka.

"Bado anaongea juu ya mbuzi," akasema.

"Ndiyo, shosho."

"Rudisha mwanzo."